Kununua vitu vya kale Panjiayuan, Beijing, bila kupigwa

Soko la Panjiayuan liko kusini-mashariki mwa Beijing, wilaya ya Chaoyang, karibu na kituo cha treni ya chini ya ardhi chenye jina hilohilo, Laini ya 10. Siku zake hasa ni Jumamosi na Jumapili, wauzaji wa mikoani wanaposhusha mizigo na kutandika bidhaa chini. Wikiendi lango hufunguliwa saa kumi na nusu alfajiri. Treni zinakuwa hazijaanza, kwa hiyo chukua teksi na ubebe tochi: kukipambazuka, wenye maduka huwa wameshapita na kuchagua. Kama unakwenda kutazama tu, saa mbili asubuhi inatosha.

Kabla ya kukagua chochote, weka bei kichwani. Hesabu kwamba kila kilichotandikwa pale kimetengenezwa mwaka jana, na ulipe kama mtu anayenunua kipya kizuri. Alama ya mfalme Qianlong (1735–1796) kwenye kitako cha bakuli si cheti. Mafundi wa Kichina wamenakili alama za wafalme waliotangulia kwa karne nyingi. Hata enzi ya Kangxi (1661–1722) vilitoka vyombo vyenye alama ya Chenghua, mfalme wa karne ya 15.

Mfukoni weka tochi, lenzi ya kukuza mara 10, sumaku, rula na mzani mdogo kama wa sonara.

Kwenye kauri, mulika kwa mshazari. Sahani iliyotumika miaka mingi ina mikwaruzo ya kila upande, mingi pale palipoguswa sana, michache pembeni. Mikwaruzo iliyolala upande mmoja ni msasa. Uso uliofifia sawasawa kote umeoshwa kwa asidi. Kisha geuza utazame ukingo wa kitako, pale palipoachwa bila mng'aro: ukahawia unaotoka kwa kidole kilicholowa ni rangi ya kupaka. Msafiri wa Afrika Mashariki anaweza kuzoesha macho kabla ya kuondoka, maana makumbusho ya Fort Jesus, Mombasa, yana kauri halisi za Kichina zilizochimbuliwa pwani. Mtu akishaangalia vitako vile kwa nusu saa, vingi vya Panjiayuan vitamtia shaka.

Sarafu ni rahisi zaidi. Dola ya fedha yenye sura ya Yuan Shikai, rais wa China wakati huo, iliyoanza kupigwa 1914, ina uzito wa karibu gramu 26.7 na upana wa milimita 39 hivi. Ikinaswa na sumaku, irudishe. Isiponaswa bado haijafaulu, kwa sababu shaba nayo hainaswi. Iweke kwenye mzani, na ikikosa gramu nzima achana nayo.

Jiwe la jade ndilo linalowaliza wengi. Viputo ndani yake vikionekana kwa lenzi, hicho ni kioo. Lakini lipo jade la kweli lililosafishwa kwa asidi na kujazwa plastiki, na hilo hutambuliwa maabara tu. Likikupendeza nunua kwa bei ya pambo. Hadithi ya muuzaji isikuongezee hata yuani moja.

Adabu za kwenye meza ya muuzaji zina maana yake. Kauri haipokelewi mkono kwa mkono: muuzaji anaiweka chini, anaiachia, ndipo unaichukua kwa mikono miwili, na ukimaliza unaiweka chini vilevile. Ikivunjika, inajulikana ilikuwa mikononi mwa nani. Kifuniko kiondoe kwanza. Kitu kilichoshikwa na mnunuzi mwingine usikipandie bei mpaka akiache. Na usitamke kwamba ni feki. Kirudishe tu kwa upole.

Ile kanuni ya kutoa nusu ya bei haikusaidii. Mgeni akitajiwa mara kumi ya bei halisi, nusu ni mara tano bado. Ulizia kitu cha namna ileile meza tatu, nne, ujue bei ya chini kabisa ni ipi, kisha taja bei yako na uanze kuondoka. Kikokotoo kinatosha kwa mazungumzo, ila jua ishara za vidole: gumba na kidole cha mwisho ni sita, gumba na cha shahada ni nane. Usitaje bei usiyo tayari kulipa, maana akikubali umeshanunua.

Alipay na WeChat, programu za simu za kulipia, hupokea kadi za benki za nje. Zisajili kwa pasipoti kabla ya safari. Malipo yanayozidi yuani 200 kwa kadi hizo huongezwa ada ya asilimia 3, kwa hiyo noti ndogondogo bado zina kazi.

La mwisho ni forodha. Vitu vya kabla ya 1911 kwa kawaida haviruhusiwi kutoka China, na vya kabla ya 1949 vinahitaji kukaguliwa na kubandikwa lakiri nyekundu ya idara ya mambo ya kale. Pembe za ndovu usiziguse kabisa. Biashara yake ya ndani ilipigwa marufuku mwishoni mwa 2017. Kwa vinginevyo, omba stakabadhi iliyoandikwa kwamba ni kazi ya mikono ya kisasa. Muuzaji aliyekuapia kwamba bakuli ni la Qianlong ataiandika bila kusita.