Kupima toleo la maandiko ya Kipali: usimhesabu shahidi mmoja mara tatu

Mwanafunzi mmoja alinijia kifua mbele: neno fulani katika Samyutta Nikaya (mkusanyo wa hotuba za Buddha kwa lugha ya Kipali) iliyochapwa na Pali Text Society, chama cha Uingereza kinachochapa maandiko hayo, ni kosa, kwa kuwa matoleo matatu mengine, yaani mashahidi watatu, yanalipinga. Nilicheka, maana na mimi niliwahi kupoteza siku mbili kwa kosa hilohilo.

1. Soma utangulizi. Mhariri asiyetaja miswada aliyoitumia, mrudishe rafuni.

2. Tazama mwaka wa kuhaririwa, si wa kuchapwa upya. Juzuu ya kwanza ya Samyutta hiyo, aliyoihariri Léon Feer, ni ya 1884. Ya Somaratne, 1998, ilihaririwa upya.

3. Chunguza ukoo wa kila toleo. Yale matatu yalikuwa kitabu cha hati ya Kidevanagari kutoka India, kitabu cha Burma na programu ya simu. Yote yametoka kwenye toleo la Baraza la Sita, mkutano wa watawa wa Kibuddha uliohakiki maandiko haya, lililokaa Rangoon, Burma, 1954 hadi 1956. Ni shahidi mmoja aliyebadilisha kanzu. Utamjua kwa tanbihi: ukikuta vifupisho sī. (Sri Lanka), syā. (Siam), kaṃ. (Kambodia) na pī. mahali palepale, umemkamata. Na hiyo pī. ndiyo Pali Text Society yenyewe! Programu nyingine huondoa tanbihi; hapo linganisha mistari kadhaa yenye utata, kwa penseli na karatasi. Programu za kulinganisha siziamini: zinaonyesha tofauti, hazionyeshi ukoo.

Sisemi toleo la Burma ni baya. Ila wasomi wa huko ni mabingwa wa sarufi, na mara nyingi penye mkwaruzo wamelainisha. Basi jiulize: kati ya maneno mawili yanayopingana, lipi lingeweza kuzaa lenzake, laini au gumu? Lakini usiligeuze swali hilo kuwa sheria. Ugumu mwingine ni mkono wa mnakili uliochoka tu. Katika hati ya Kisinhala, herufi za *ca* na *va* zinafanana mno, kwa hiyo neno gumu lenye mojawapo lishuku kwanza kabla ya kulisifu kwa ukale.

4. Fungua tanbihi penye mashairi. Arudhi husaidia kumbaini mhariri mvivu: mizani ikipungua naye akanyamaza, hakusoma kwa sikio.

Mwanafunzi alipofuta mashahidi wawili wa ziada, akabaki na mmoja dhidi ya mmoja. Sasa anatafuta toleo la Buddha Jayanti la Sri Lanka.