Kuzalisha samaki malaika nyumbani: chakula kwanza, mayai baadaye

Wengi mayai wanayapata; vifaranga ndio hawavuki wiki ya pili. Mara nyingi chakula ndicho kilichochelewa, kwa hiyo soma hatua ya nne kabla hujaanza ya kwanza.

1. Jozi. Dume na jike ni vigumu kuwatofautisha kwa macho. Nunua wadogo sita, walee pamoja. Wakikaribia mwaka, wawili watashika kona na kuwafukuza wenzao. Wahamishe hao.

2. Tangi. Lita 80, kina sentimita 45, joto nyuzi 28, chujio la sponji, chini pasiwe na mchanga. Asili yao ni Amazon, kwenye maji laini, yaani yenye madini machache. Maji ya visima vyetu vya chumvi hapa Dar hayawafai. Mimi nakinga ya mvua, nachanganya na ya bomba yaliyolala siku nzima kwenye ndoo wazi. Egemeza kigae kwenye kioo.

3. Mayai. Watasugua kigae kwa midomo, kisha jike atapita taratibu akipanga mayai, dume nyuma yake akiyarutubisha. Yanayogeuka meupe kama maziwa yameharibika. Jozi changa huweza kuyala yote. Wavumilie, watataga tena baada ya wiki moja au mbili.

4. Vifaranga. Ndani ya siku mbili au tatu utaona mikia ikitetemeka, vichwa vimenata kigaeni. Usiwape kitu, bado wana kiini chao tumboni. Siku kama tano baadaye wataanza kuogelea, na hapo njaa haisubiri.

Kwa hiyo siku moja au mbili kabla, tia mayai ya artemia (vijidudu vya maji ya chumvi, ndio chakula chao) kwenye chupa ya soda: maji lita 1, chumvi gramu 25, hewa ipulizwe mfululizo. Baada ya saa 24 hadi 36, zima hewa na umulike tochi chini ya chupa. Maganda yataelea, artemia wa rangi ya chungwa watajikusanya penye mwanga. Wavute kwa mpira mwembamba, chuja kwa leso, suuza, lisha mara nne kwa siku. Tumbo la kifaranga likigeuka la chungwa, amekula.

Kiini cha yai la kuku sikishauri kabisa. Kundi langu la kwanza nililipa hicho. Maji yalichafuka usiku mmoja, asubuhi sikukuta hata mmoja hai.

5. Usafi. Badili robo ya maji kila siku, kwa mpira wa dripu, taratibu. Weka pampu ya betri karibu, umeme ukikatika usiku uiwashe.