Kufua kisu kwa resori ya gari: rangi ya moto ndiyo inayoamua

Chuma kizuri kinalala kwenye magereji ya Goma: resori za malori, zile bamba nene zilizopinda. Nondo achana nazo. Zinafulika kwa urahisi, lakini kaboni yake ni ndogo na hazishiki makali. Kata kipande cha sentimita 15 kwa 3, mbali na tundu la katikati na mahali resori ilipovunjikia, kwa sababu hapo hujificha nyufa. Kwanza jaribu kwa mabaki: pasha, zamisha kwenye mafuta, funga kitambaa, gonga. Kikikatika ghafla, kinafaa. Kikipinda, tafuta kingine.

Ardhi yetu ni lava, gogo la fuawe (chuma cha kufulia) huwezi kulichimbia. Jaza mchanga nusu pipa, lisimamishe humo, na juu yake funga chuma kizito kinachofikia usawa wa ngumi yako ukiwa umesimama wima. Fanyia kazi nje, mbali na kuta za mbao. Usijenge tanuri kwa mawe ya lava yenye unyevu: vitundu vyake hushika maji, na moto ukiyafikia jiwe hupasuka usoni mwako. Tumia udongo. Bomba la hewa lisiwe na zinki, moshi wake ni sumu.

Vunja makala, yaani makaa, yawe kama mayai ya kuku. Fua chuma kikiwa na rangi ya chungwa. Kikififia kuwa chekundu cha giza, kirudishe motoni, la sivyo kitapasuka. Kikirusha cheche kimeungua, sehemu hiyo ikate. Anza na ncha, halafu mkia wa mpini, makali mwisho. Ukiyapunguza makali, kisu hupinda kuelekea mgongoni, kwa hiyo kipinde kwanza upande wa makali, nyundo itakinyoosha yenyewe. Piga tupa, lakini acha makali unene wa milimita 1.5. Vijana wengi huyanoa hapa, na kisu kinapinda au kupasuka kwenye mafuta.

Sasa pasha mara tatu hadi sumaku isikamate, kila mara ukikiacha kipoe hewani. Hapo punje za chuma hurudi kuwa ndogo.

Kuzamisha ndipo penye kazi. Chukua lita 4 za mawese kwenye debe refu la chuma. Kwa baridi ya Goma mawese huganda, basi yayeyushe kwa kipande cha chuma chekundu. Subiri jioni, rangi uione vizuri. Sumaku ikiacha kukamata, ongeza moto kidogo tu, kisha ingiza kisu wima, ncha mbele, ukisogeze kama unakata, si kushoto na kulia. Weka mfuniko karibu: mafuta yakiwaka, funika, usimwage maji. Tupa ikiteleza juu ya makali bila kuuma, umefaulu.

Kisu hiki bado ni kama kioo, kikianguka kitavunjika, kwa hiyo usikiache hadi kesho. Kisugue kiwe cheupe. Pasha chuma kinene kwenye babula (jiko la makaa), kilaze nje, na ulaze mgongo wa kisu juu yake. Rangi itatambaa taratibu: mgongo unakuwa wa kahawia, zambarau, halafu buluu, huku makali yakifuata nyuma. Makali yakifika manjano ya majani makavu, kizamishe majini papo hapo. Yakigeuka buluu umechelewa, rudia kupasha na kuzamisha kwenye mafuta. Rangi ikija vizuri, sugua tena, rudia mara moja, ndipo unoe. Ukinoa, chovya kisu majini kila mara, maana jiwe la umeme huyapa makali buluu bila wewe kujua.