Mtoto wa Mbwa Achanjwe Lini? Mwongozo kwa Wafugaji wa Mombasa

Mtoto wa mbwa huchanjwa mara ya kwanza akiwa na umri wa wiki 6 hadi 8, kisha chanjo hiyo hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka atimize angalau wiki 16. Wafugaji wengi, wawe wa Nyali au wa Likoni, huulizia zaidi tarehe ya kuanza. Kwa maoni yangu, tarehe ya kumaliza ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi.

Anaponyonya dang'a katika siku yake ya kwanza duniani, mtoto wa mbwa hupata kingamwili za mama yake. Kingamwili hizo humlinda, lakini pia huizuia chanjo isifanye kazi, na hupungua kwa kasi tofauti hata kwa ndugu wa uzao mmoja: kwa huyu zaweza kwisha wiki ya 8, kwa yule zikadumu hadi wiki ya 14 au zaidi. Kwa kuwa hilo halionekani kwa macho, sindano hurudiwa ili mojawapo iukute mwili ukiwa tayari kujijengea kinga yake. Kwa hiyo, aliyechomwa wiki ya 6 na ya 9 kisha akaachwa anaweza kuwa hana kinga yoyote, ingawa kadi yake ina mihuri miwili.

Sindano hizo humkinga dhidi ya magonjwa hatari ya virusi: distempa (hushambulia mapafu na neva), parvo (huharibu utumbo) na homa ya ini ya mbwa. Mwombe daktari wa mifugo aongeze chanjo ya leptospira, kwa sababu bakteria hao huenezwa na mkojo wa panya na maji yaliyotuama, tena huwaambukiza hata binadamu. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia wiki ya 12 na hurudiwa baada ya mwaka mmoja. Hii usiiahirishe kamwe, kwani dalili za ugonjwa huo zikishajitokeza kwa mtu, ni nadra mno apone.

Dawa ya minyoo huanza mapema zaidi, wiki ya 2, na hurudiwa kila wiki 2 hadi wiki ya 8. Mtoto wa mbwa mwenye homa au anayeharisha atibiwe kwanza kabla ya kuchanjwa.

Joto la Mombasa linadai uangalifu wa pekee. Chanjo huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, hivyo daktari anayekuja nyumbani anapaswa kuileta ndani ya kisanduku chenye barafu, na unayo haki ya kuomba kukiona kabla mnyama hajachomwa.

Mpaka wiki 2 hivi zipite baada ya sindano ya mwisho, usimweke chini ufuoni, jaani au popote wanapozurura mbwa usiowajua, maana kirusi cha parvo huweza kuishi udongoni kwa miezi mingi. Mbebe mikononi, azoee watu na sauti za mtaa.

Baada ya kuchanjwa, kusinzia kwa siku moja ni jambo la kawaida. Uso ukivimba, akitapika au akipumua kwa shida, mrudishe kwa daktari papo hapo.

Iwapo umempokea mbwa aliyepita wiki 16 bila kadi, mhesabu kuwa hajachanjwa na umpeleke wiki hiyohiyo.