Jinsi ya kujifunza Axel, mruko unaoanza ukiwa unaenda mbele

Katika miruko sita mikuu ya kuteleza kwenye barafu, mitano mtelezaji huruka akiwa anakwenda kinyumenyume. Axel ndiyo pekee anayoiruka akiwa anakwenda mbele, na kwa kuwa kutua ni kinyumenyume, hulazimika kuongeza nusu mzunguko. Axel ya kwanza, iliyo ndogo kuliko zote, ni mzunguko mmoja na nusu. Ya tatu ni mitatu na nusu. Mnorwei Axel Paulsen aliuonyesha mruko huu Vienna mwaka 1882. Ile ya minne na nusu ilikuja kutua kwenye mashindano mwaka 2022 tu, kwa Ilia Malinin wa Marekani.

Wakishindwa kuiruka Axel, wengi huilaumu ile nusu ya ziada. Kwa ninavyoona nikiwafundisha wanafunzi, tatizo kubwa ni kwamba mwili unataka kuzunguka kabla haujapanda. Maelezo haya ni ya anayezungukia kushoto. Wa kulia abadilishe miguu.

Hatua ya kwanza: kamilisha mruko wa waltsi, ule wa nusu mzunguko, pamoja na kuzunguka papo hapo juu ya mguu wa kulia kinyumenyume. Axel ni hivyo viwili vikiungana hewani. Kama huwezi kuzunguka mara tatu bila kuyumba, bado usijaribu.

Hatua ya pili: ruka sakafuni ukiwa na raba. Kanyaga kushoto, ruka juu, hamishia uzito upande wa kulia.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi. Teleza kinyumenyume kwa mguu wa kulia, mabega yametulia, kisha kanyaga mbele kwa kushoto, juu ya ukingo wa nje wa chuma cha kiatu. Kunja goti sana, mikono yote ikiwa nyuma. Subiri kidogo. Hapa ndipo hofu huingia, maana unaiona barafu yote mbele yako. Wengi hupunguza mwendo au huegemea nyuma, na vyote viwili huua mruko. Ukishatua, rudi ukaangalie alama uliyoacha pale ulipoondokea. Mstari mzuri hupinda taratibu na kuishia na mkwaruzo mfupi wa meno ya mbele ya chuma. Ukiukuta umejikunja ghafla kwa ndani mwishoni, ujue ulianza kuzunguka ukiwa bado chini. Alama hiyo haidanganyi, hata kocha akiwa hakuona.

Hatua ya nne: goti la kulia na mikono vipite mbele kwa pamoja na kupanda, mguu wa kushoto ukinyooka hadi kwenye yale meno. Kifua wima. Ukishakuwa juu ndipo uzito wako ukae upande wa kulia, upitishe kushoto mbele yake na kubana mikono kifuani.

Kutua: fungua mikono mapema, tua kwa kulia kwenye ukingo wa nje, goti limekunjwa, kushoto kukienda nyuma.

Utaanguka sana, mara nyingi kwa nyonga. Vaa kaptula yenye sponji na usiionee aibu. Miguu ikichoka, acha kwa siku hiyo, maana mguu uliochoka hujifunza kukanyaga vibaya. Axel ya pili ingoje hadi hii ya kwanza iwe na kimo, na uweze kutulia baada ya kutua bila kugusa barafu kwa mguu wa pili.