Kuhesabu katika wiki za kwanza za darasa la awali

Shule zikifunguliwa Januari, daftari lisubiri kwanza. Mtoto wa darasa la awali hapa Mtwara ajue choo kilipo, anawe mikono kwa sabuni, ataje jina lake lote, asubiri zamu. Akijibu kwa Kimakonde, lipokee jibu lake kwa furaha, kisha lirudie kwa Kiswahili.

Ndipo mwanze kuhesabu. Kila mtoto apewe vizibo 5 vya soda au makombe makubwa ya pwani. Korosho mbichi zenye maganda usitumie kabisa, hata kama zimejaa uani: mafuta ya ganda huunguza ngozi na midomo.

Anzeni na 1 na 2 tu. Asogeze kizibo kimoja, atamke namba moja. Wengi huimba "moja, mbili, tatu" huku kidole kimeshatangulia. Wimbo wanaujua, idadi hawaijui. Mshike mkono, mpunguze mwendo. Kisha muulize, "Viko vingapi?" Akihesabu upya badala ya kujibu, hajaelewa bado kwamba namba ya mwisho ndiyo idadi yenyewe. Usimwongezee cha tatu. Tarakimu ataziandika baadaye, kwa kidole mchangani kabla ya penseli.