Jinsi ya kuanzisha chakula cha mchana kwenye shule ya kata

Nafundisha hisabati shule ya kata huku Dodoma vijijini. Mwalimu mwenzangu akiniuliza aanzie wapi kupunguza divisheni ziro, namwambia aanzie jikoni. Mtoto aliyetembea kilomita nane alfajiri bila hata chai ya rangi, saa saba mchana humfundishi kitu. Ataitikia "ndiyo mwalimu" na logarithimu hajaiona.

Elimu bila ada ilipoanza 2016, chakula cha mwanafunzi wa kutwa kilibaki kwa mzazi. Kwa hiyo mkutano wa wazazi huukwepi. Uitishe Juni au Julai, watu wametoka kuvuna. Ukingoja Januari, utakuta mahindi yameshauzwa. Mtendaji wa kijiji awepo. Omba nafaka, si fedha. Fedha za michango huzaa maneno hata zikiwa salama.

Piga hesabu mbele yao. Gramu 100 za mahindi kwa mtoto kwa siku, mara siku 194 za masomo, ni kilo 19 na ushee: debe moja na kidogo. Maharage gramu 40, karibu kilo nane, hata nusu debe haifiki. Wakishaona mwaka mzima ni huo tu, kelele hupungua. Asiye na shamba alete kuni au achote maji, naye aandikwe kwenye daftari lilelile la wenzake.

Ufunguo wa stoo usikae kwa mwalimu. Wetu anao mama mmoja wa kamati ya chakula. Kila asubuhi anapima, anaandika, mpishi anasaini.

Mahindi mabichi usipokee, hata kama mleta ni mwenyekiti. Tia mahindi kiasi kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, tikisa, subiri kama dakika kumi na tano. Chumvi ikinata kwenye chupa, yarudi yakaanikwe. Sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu, iliua watu mkoani kwetu 2016, kwa hiyo hapa sina mjadala. Yakiwa makavu, yaweke kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa. Dumuzi atakufa bila dawa.

Mahindi na maharage ya makande yalowekwe tangu jana yake, kuni zitapungua. Mpishi alipwe, hata kwa debe. Wa kujitolea atachoka mapema, na mimi simlaumu.

Halafu anza kuhesabu waliopo kipindi cha kwanza baada ya chakula, na uanze kabla sufuria la kwanza halijainjikwa, ili tofauti ionekane. Mkutano ujao kuna mzazi atakayeuliza debe lake limefanya nini. Msomee namba hizo.